Harusi za Masanja

Kizwite, Sumbawanga
Jumamosi mchana

Adela mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi na chai ya maziwa, umebishana na mama yako juu ya sweta, ukapanda pikapu ya kwenda Msanzi kumuaga bibi yako. Jioni utarudi na vumbi lote la njia hiyo kichwani, na kesho alfajiri utapanda basi. Nimebaki na mchana huu tu, nikaona niutumie.

Mambo ya unga wa ulezi, samaki wakavu, simu ya mjomba wako na mahali pa kuficha nauli yapo mikononi mwa mama yako. Namsikia chumbani akigombana na zipu ya begi lako. Amekuwekea hadi chumvi, kana kwamba Dar es Salaam hawajawahi kuiona, nami nimenyamaza, kwa sababu nina umri wa kutosha kujua wakati wa mume kunyamaza. Mimi nina jambo moja tu la kukueleza. Nataka ujue kwa nini Jumapili iliyopita niliinuka mezani nikaacha chakula.

Ulidhani nimechukizwa na samaki. Mama yako naye alidhani hivyo, akaninunia mpaka katikati ya wiki. Samaki alikuwa mzuri. Kilichoniinua ni maneno yako. Ulikuwa unatueleza kazi uliyopata, nami nilikuwa nimefurahi, Mungu ni shahidi. Ulisema kampuni yenu inafunga ujumbe wa watu ndani ya kompyuta, wa mabenki, wa hospitali, hata wa mtu na mke wake, usisomeke na yeyote ila aliyetumiwa. "Ni mahesabu tu, baba. Hata mimi niliyeufunga siwezi kuufungua." Nikasema moyoni, hatimaye dawa imepatikana. Kisha ukaendelea, huku unatoa miiba, kwamba serikali imewataka muwatengenezee ufunguo wa pili, mlango wa nyuma ambao wenye ujumbe hawataambiwa habari zake, na kwamba hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Nikakuuliza wa nini. Ukasema, "Wa kukamatia majambazi, baba. Tena watautumia kwa kibali. Asiye na la kuficha ataogopa nini?"

Hapo ndipo nilipotoka nje nikaenda kusimama karibu na banda la kuku. Maneno hayo niliwahi kuyasikia, karibu neno kwa neno, katika meza hiyohiyo, na aliyeyasema alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe.

Hadithi yenyewe unaijua nusu. Nusu nyingine wenzako wa shule walikumalizia kwa namna yao, siku ile uliporudi umechanika kola ya sare na mama yako akakuambia usiniulize. Hukuniuliza mpaka leo, na mimi nikauchukulia ukimya wako kama zawadi. Sasa naona nilikosea kuipokea.

Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza darasa la kwanza. Biashara ya mahindi ilikuwa imeachiwa huru. Zamani ukikutwa na magunia machache njiani unatakiwa kueleza umeyatoa wapi na unayapeleka wapi. Ghafla kila mwenye lori akawa tajiri wa mahindi. Mmoja wao aliniajiri. Alikuwa na duka hapa mjini na maghala Muze, Laela na Kasanga, na kote huko alifunga redio za upepo, maana simu ya posta ilikuwa ikikatika kila upepo ukivuma, na wewe unajua upepo wa Sumbawanga haupumziki. Mimi nilikabidhiwa redio ya mjini. Nina sauti inayopenya, na nilikuwa nimesoma seminari ndogo, niliyoiacha kabla yenyewe haijaniacha.

Tajiri alikuwa mjanja. Mizigo yake ikishaulizwa asubuhi, redio ilikuwa wazi kwa watu wote, kwa malipo kidogo. Mtu wa Muze anatuma habari ya msiba, mwingine anauliza bei ya ulezi, mwingine anataka kujua kama mke wake amejifungua. Tatizo ni kwamba redio ya upepo haina faragha. Ninalosema mimi mjini, duka zima la Muze linalisikia, pamoja na yule aliyekuja kununua kiberiti na yule ambaye hakuja kununua chochote. Nao wezi wa ng'ombe wakati ule walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya maduka kama wateja wengine, wanakunywa soda na kusikiliza nani anapandisha ng'ombe mnadani kutoka bondeni, na lini.

Ndipo tukaanza maneno ya kufunga. Mteja alikuja nyuma ya duka, tukakaa juu ya magunia, tukatunga maneno yake mwenyewe, mimi na yeye tu. Mama mmoja wa dagaa wa Kasanga alikuwa na wagonjwa: homa ni mzigo umefika, kuharisha ni mzigo umeoza. Mwalimu mmoja alikuwa na mitihani. Maana zote nilizitunza kichwani, kwa amri ya tajiri, aliyekuwa akisema karatasi ina miguu. Nilijivuna sana, Adela. Nusu ya wilaya ilikuwa imelala kichwani mwangu, na nikipita sokoni watu walinisalimia kwa adabu kuliko umri wangu ulivyostahili.

Masanja alikuwa mteja wangu wa kwanza kutoka bondeni. Alikuwa Msukuma aliyehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akahama tena na tena, mpaka akaweka mji wake nje kidogo ya Muze na mke wake, Mama Kabula. Hakuwa Mkristo, ila alipenda harusi za Kikatoliki kwa ajili ya wali. Kwa hiyo maneno yake yakawa ya harusi. Bibi harusi ni ng'ombe. Wapambe ni wachungaji. Padri ni mnunuzi anayengoja mnadani. Misa ya kwanza ni barabara kubwa ya magari inayopanda mlima wa Lyamba lya Mfipa, na misa ya pili ni njia ya miguu ya kwenye korongo, ambayo hakuna mgeni anayeijua. Alicheka mpaka akatoa machozi tulipomaliza kutunga. Aliniambia, "Fidelis, nitaozesha mpaka uzeeni."

Na kweli aliozesha. Ilifika mahali katekista wetu, Mzee Oresto, akanifuata dukani, uso umekunjamana.

"Fidelis, huyu Masanja wa Muze anaozesha kila mwezi. Mbona matangazo ya ndoa hatuyasikii kanisani?"

"Ni harusi za kienyeji hizo, mzee."

"Na huyo padri anayetajwa kila mara ni padri gani?"

Ilibidi nimnunulie soda na mandazi, na bado aliondoka akitikisa kichwa. Nakuandikia hili ili ujue kwamba tulicheka. Kazi ile ilikuwa na furaha, na mtu anapokuambia baadaye kwamba ilikuwa kazi ya hatari, usisahau hiyo furaha, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nijione salama.

Kisha lori la tajiri likatekwa kwenye mteremko. Utingo wetu, Kizito, aliyekuwa akikubeba mabegani ukienda kununua pipi, aliuawa kwa panga. Baadaye tukagundua kwamba jana yake mtu asiyejulikana alitumia redio yangu kusema mtoto amepelekwa kliniki. Mimi nikaupeleka ujumbe huo kwa sauti nzuri, nikamwombea mtoto apone. Huyo mtoto alikuwa ni lori.

Nilikuwa bado na uchungu wa hayo pale mgeni alipokuja. Alikuwa bwana wa ofisi ya serikali, jina lake sitalitaja, maana ana watoto wa rika lako na wao hawakufanya kosa. Hakuja na gari wala kelele. Alikuja hapa nyumbani Jumapili, kwa miguu, akamsalimia mama yako vizuri, akakubali kukaa kula. Wewe unajua kwetu. Mtu akishanawa mikono na kumega ugali wa ulezi katika sahani moja na wewe, kumnyima anachoomba ni sawa na kumtapisha. Yeye hakuwa Mfipa, alikuwa mgeni katika mkoa, lakini mila hiyo alishaisoma. Hakusema neno la kazi mpaka sahani ilipokuwa nyeupe.

"Bwana Fidelis, utingo wenu aliuawa."

"Aliuawa, mzee."

"Na ujumbe ulipita mdomoni mwako."

"Ulipita."

"Sisi tunataka kuwakamata. Ofisini tuna redio, tunasikia kila kitu, ila hatuelewi. Wewe unaelewa. Tueleze maana."

Nikamwambia maneno yale ni ya watu, waliniachia kwa kuniamini, na wengi wao ni watu wema. Akasema hana shida na watu wema. Nikamwambia basi achukue maneno ya wabaya peke yao. Akatabasamu kwa upole kabisa.

"Nitawajuaje wabaya bila kuwasikia wote?"

Nikauliza kama naweza kuwaambia wateja wangu. Akasema nikiwaambia watabadilisha, na kazi itakuwa imekufa kabla ya kuzaliwa. Kisha akasema lile neno lako, la asiye na la kuficha. Adela, hakuwa mtu mbaya. Mpaka leo naamini alikuwa anamtafuta muuaji wa Kizito kwa moyo wake wote. Mimi nikamwona Kizito na wewe mabegani mwake, nikaona sahani tupu mbele ya mgeni, nikashindwa kusema hapana. Sisi Wafipa tunasifiwa kwa upole, na mimi nakuambia kuna upole mwingine ni woga uliovaa nguo za Jumapili.

Mgeni alipoondoka, mama yako alikuwa anakusanya vyombo. Akaniambia kwa Kifipa, bila kunitazama, "Umempa mgeni nyumba za watu." Nikamkaripia. Nilimwambia mambo ya kiume hayajui. Unaweza kumuuliza kama bado anakumbuka, nakuhakikishia anakumbuka.

Nilienda ofisini kwao kwa siku kadhaa, jioni baada ya kazi, nikawapa wote. Wagonjwa wa mama wa dagaa, mitihani ya mwalimu, harusi za Masanja. Walinikaribisha chai. Redio yao ilikuwa juu ya kabati, karibu na dirisha, na ilikuwa imewashwa muda wote. Watu waliingia na kutoka, madereva, makarani, mtu aliyeleta vitumbua, na hakuna aliyeshusha sauti. Nililiona hilo kwa macho yangu siku ya kwanza. Nikajiambia wao ni wakubwa, wanajua wanachofanya.

Unataka kujua kama ilisaidia. Walimkamata mama mmoja aliyekuwa akivusha sukari kutoka Zambia, na vijana wawili wa petroli ya magendo. Waliomuua Kizito hawajakamatwa mpaka ninapoandika. Na sababu yake ni nyepesi, hata mimi nisiyejua mahesabu yako ninaielewa. Wezi hawakuja kamwe nyuma ya duka kuniambia maana ya kweli ya maneno yao. Maana nilizokuwa nazo kichwani zilikuwa za watu waliokuwa wananiamini, na hao tu ndio niliokuwa na uwezo wa kuwatoa.

Sasa nikueleze sehemu ambayo hakuna mwenzako wa shule aliyeweza kukueleza, maana ilikuwa ndani yangu. Niliendelea na kazi. Asubuhi Masanja akija mjini anasimama mlangoni, fimbo begani, anasema, "Mwangaluka, Fidelis. Bibi harusi wangu wanamsemaje huku?" Nami nacheka. Namwambia wanamsifu kwa kwato. Anacheka. Uso wangu haukubadilika hata kidogo, nilikuwa nimeuzoesha, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mengine yote naweza kuyatafutia sababu, Kizito, mgeni, ulezi. Kile kicheko sina pa kukiweka.

Bwana yule mpole akahamishwa. Alikuja kuniaga, akanishukuru. Nikamuuliza maneno ya watu wangu yanabaki na nani. Akaonekana kushangaa, kama mtu aliyeulizwa kivuli chake kinabaki na nani. Akasema, "Yanabaki ofisini." Aliyekuja baada yake simjui vizuri, hakuwahi kula kwangu. Redio ikabaki juu ya kabati.

Siku yenyewe nilipokea ujumbe kama kawaida. Kijana wa redio ya Muze alikuwa na mafua.

"Sumbawanga, Sumbawanga, Muze hapa, ova."

"Nakupata, Muze, ova."

"Masanja anasema bibi harusi anapanda kesho. Padri ajulishwe. Misa ya pili, wapambe wawili, ova."

"Nimepokea. Misa ya pili. Wape hongera wazazi, ova."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa Masanja, na hata hayo aliyapata kwa mdomo wa mtu mwingine.

Keshoye alasiri mdogo wake Masanja akaingia dukani, mkono umefungwa kwa shuka iliyolowa damu. Ng'ombe hawakuonekana tena. Masanja alikuwa amebaki kule korongoni, na watu wa kumchukua walishaondoka. Tajiri akamuuliza kijana kama waliona wanafuatwa njiani. Kijana akasema hapana, hawakufuatwa. Wale watu walikuwa wamekaa penye mawe, wanangoja, wengine wamekaa chini kabisa kama wamechoka kungoja. Mmoja alipowaona akainuka, akakunja mikono kifuani, akasema kwa Kiswahili kizuri, "Karibuni misani. Bibi harusi tumpokee."

Kijana yule alisema Masanja alisimama. Alikuwa na mkuki na alikuwa mwepesi wa miguu, angeweza kupigana au kukimbia. Aliposikia neno hilo alisimama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Wakampata amesimama.

Umeelewa, mwanangu? Maana ya maneno yale ilikuwa imelala katika vichwa viwili tu, chake na changu, ndivyo alivyoamini. Kwa hiyo pale alijua, au alidhani amejua. Alikufa akiwa na hakika kwamba nimemuuza. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba sikumuuza, nilimtoa bure, kwa heshima, baada ya chakula.

Nilienda ofisini. Wakaniambia hakuna ushahidi kwamba neno limetokea kwao, na walisema kweli, ushahidi haukuwepo. Nilikaa hapa barazani nikajaribu kuhesabu kila mtu niliyemwona akipita chini ya kabati lile, dereva, karani, mtu wa vitumbua, wageni wa wageni, nikaona nikiendelea nitaanza kuchukia mji mzima. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, ndivyo tunavyosema. Mimi nilikuwa nimegawa kata kwa kila apitaye, halafu nikaja kuuliza nani amekunywa.

Nikateremka Muze. Mama Kabula alikuwa amekaa na wanawake wenzake msibani. Nikaomba kusema naye pembeni, nikamwambia yote, kuanzia sahani ya ulezi. Nilitegemea anipige, na nilitaka anipige. Aliniuliza swali moja tu.

"Yeye alijua kwamba kuna wengine wanajua?"

"Hakujua."

"Angejua, angepita misa ya pili?"

Akarudi kukaa na wenzake.

Tangu siku ile hakutuma tena ujumbe kwa redio, na hata sasa simu hana. Akiwa na neno la kumfikishia mtu mjini hupanda lori, au hupanda kwa miguu, akalisema mwenyewe. Na kila akija hupita hapa kwetu. Anasalimia, anapokea maji, anakaa pale kizingitini, haingii ndani. Ulipokuwa mdogo ulimuuliza, "Bibi, mbona huingii?" Akakujibu kwamba miguu yake ina vumbi. Ukamletea maji ya kunawa miguu, akanawa, akakushukuru, akabaki palepale nje. Uliniuliza baadaye kwa nini, nikakuambia Wasukuma wana mila zao. Hapana mila hapo. Anakuja ili nimwone haingii.

Niliacha redio mwezi uleule. Nikarudi kwenye matuta ya baba yangu, mahindi na ulezi, na kutengeneza redio za watu za kusikilizia mpira. Wanaleta redio, wanalipa, wanaondoka. Hakuna anayekaa kunipa habari zake. Umekua ukidhani baba yako ni mtu asiyependa mazungumzo.

Sasa hayo nimeyasema, usidhani nakuambia uikatae kazi. Umeshaweka sahihi, kazi ni adimu, na mdogo wako bado anasoma. Mimi nisiyeweza kumnyima mgeni mmoja mpole sina uso wa kukuagiza uinyime serikali nzima. Labda nawe ungeniambia kwamba ukikataa wewe watampata mwingine, na ungekuwa na haki. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Ningekataa mimi, pengine wangemweka mwingine kwenye redio yangu, watu watunge maneno naye. Pengine naye angekataa. Pengine angekubali, na Masanja angekufa vilevile, ila angekufa bila kuusikia mdomo wangu katika maneno ya wale watu. Sijui. Ninachojua ni kwamba kibali ulichotuambia kitashikwa na mtu, na huyo mtu anaweza kuwa mwema kama yule wangu. Atahamishwa. Mlango utakaojenga hautahamishwa naye.

Na kuhusu asiye na la kuficha, Masanja hakuwa na la kuficha. Alikuwa na ng'ombe, mke na mdogo wake, na njia ya kupita salama. Vitu hivyo mtu mwema anavyo vingi kuliko mwizi.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Watakapokukalisha kitako kukueleza kazi, tena watakukalisha kwa heshima, watakuletea chai, waulize swali la Mama Kabula. Waulize kama wenye ujumbe watajua kwamba kuna wengine wanajua. Wakisema ndiyo, fanya utakaloona. Wakisema hapana, tazama uso wako kwenye kioo jioni ile, uone kama umeanza kuzoea. Mimi wangu ulizoea upesi sana.

Nasikia mama yako ameishinda zipu, anaimba. Pikapu ya Msanzi haitachelewa. Kuna neno moja la mwisho, na hili ni letu wawili.

Ukiwa huko utatupigia simu kwa jirani, na wewe mwenyewe umeniambia nani anaweza kuwa anasikiliza. Basi nimekutungia neno, kama zamani. Ni neno la kawaida kabisa, la nyumbani, hakuna atakayeligutukia. Ukilisema, maana yake ni kwamba umeshindwa na unarudi. Sitakuuliza sababu, si kwenye simu wala siku zote tutakazoishi. Nitakuwa stendi kila basi likiingia mpaka nikuone unashuka. Mama yako hatalijua. Nimemwambia hivyo, amenuna, lakini amekubali, na nadhani unajua kwa nini amekubali.

Neno lenyewe sijaliandika hapa na wala sitaliandika popote. Kesho ukiinama kuniamkia kabla ya kupanda basi, nitakuambia sikioni, mara moja tu. Baada ya hapo litakaa katika vichwa viwili, chako na changu, na safari hii litakaa, hata mgeni amalize ulezi wote wa nyumba hii.

Baba yako,
Fidelis